Kazi Isiyokuwa na Namba

Kompyuta ya kwanza kuingia ofisi yetu ya leseni pale Malindi niliizaba kofi siku ya pili. Hasira zangu zilikuwa karibu, sikatai. Mashine yenyewe ilikataa kupokea jina la mfanyabiashara yeyote mpaka kwanza niijaze orodha ya kazi iliyotoka Nairobi, kila kazi na namba yake: uvuvi, chumvi, hoteli, mabati. Siku nne nzima nabonyeza namba, vidole vyaniwaka moto.

Orodha ile haikuwa na kushona makuti. Malindi hii! Nusu ya mji yalala chini ya makuti, na huko Nairobi hakuna aliyekumbuka. Bosi wangu alipiga meza ngumi: "Usiongeze namba yako hata moja. Asiye na namba, mwache nje."

Na mama mkubwa, dada ya mama yangu aliyenilea tangu nikiwa yatima, alikuwa mshona makuti kule mtaa wa Barani. Hana kazi nyingine. Alikuja ofisini kwa miguu, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akauliza, "Mwanangu, jina langu limo?"

"Limo, mama."

Uwongo mtupu. Niliona haya kumwambia kwamba kazi iliyonisomesha haimo orodhani. Nikajiambia nitaandika barua Nairobi, watatupa namba. Barua yenyewe sikuiandika.

Wiki ile ile askari wa leseni wakateremka Barani na karatasi ya majina niliyoichapa mimi. Asiyekuwemo, mali yake yatiwa moto. Washonaji wenzake walibeba walichoweza wakatimua mbio. Yeye hakuinuka. Wakampigia kelele, "Kimbia, we mama!" Akawajibu, "Nikimbie nini? Mwanangu ameniandika."

Askari akapekua karatasi, akamwita mwongo. Akaukamata ufito aliokuwa akiushonea makuti. Mama mkubwa akaung'ang'ania. Rungu likashuka juu ya mkono wake wa kulia mara moja, mara mbili, na ya tatu mifupa ikalia. Kisha wakayachoma makuti ya miezi miwili mbele ya macho yake.

Niliposikia, niliingia chumbani kwa bosi nikampiga kichwa puani, damu ikamwagika juu ya shati lake jeupe. Wallahi nilifurahi. Alipotoka akipiga mayowe ya kuita askari, nilijifungia na ile mashine, nikaongeza namba yangu mwenyewe mwisho wa orodha: kushona makuti. Nikaandika jina la mama mkubwa. Likapokelewa papo hapo. Kumbe ni hivyo tu!

Mlango waliuvunja. Nilipigwa kama ngoma, nikawekwa ndani siku tatu. Nilipotoka nilikwenda Barani moja kwa moja, jicho moja limeziba.

"Nimekuandika, mama," nikamwambia. "Safari hii kweli."

Akauinua mkono wake uliofungwa vijiti, vidole vimevimba, havikunjiki.

"Umeniandika nafanya kazi gani?"