Farasi wa Una

Malachy Trainor alilima vilima vyake kwa farasi jike mmoja na plau nyepesi ya chuma mpaka watu wakachoka kumcheka. Trekta la jirani lilimaliza shamba zima kabla yeye hajafika kwenye geti la pili. Hakujali. Akiwa nyuma ya farasi huyo, Rua, kamba mikononi, udongo ukipinduka mweusi na kunguru wakifuata nyuma kudonoa, saa zilimpotea. Alikuwa mtu wa kuelea. Ungemsalimu barabarani, akakujibu umeshafika kwako na kuvua viatu.

Nami simlaumu. Kule Drumgarra, katika kaunti ya Monaghan, ukungu hukaa mabondeni hadi saa nne asubuhi, na vilima huchomoza juu yake vidogo vidogo, kila kimoja na miti yake mitatu. Mtu akiishi hapo miaka sabini na moja halafu asiote ndoto za mchana, huyo ndiye wa kupelekwa kwa daktari.

Jambo lingine la hapo ni hili: jina la marehemu halitoki kwenye karatasi upesi. Mtu anasomewa misa, anazikwa, watu wanamnywea chai na wiski, halafu shamba linabaki kwa jina lake miaka arobaini. Vilima vya Malachy vilikuwa bado mali ya babu yake, na ng'ombe wake wanne, ukiuliza serikalini, walikuwa wa baba yake. Si wizi, wala si ujanja. Ni kwamba inataka moyo mgumu kusimama mbele ya dirisha la ofisi na kusema, huyu mfuteni.

Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kwamba Rua alitembelea pasi ya mama yake, kile kijitabu cha utambulisho ambacho kila farasi hutakiwa kuwa nacho. Rua mkubwa alikufa miaka kumi na mitano iliyopita. Sheria inataka pasi ya farasi aliyekufa irudishwe, lakini Malachy aliiweka kabatini, na siku binti alipotakiwa karatasi, akaitoa ile ile. Wote wawili wekundu, wote na mstari mweupe usoni, jina moja. Katika vitabu vya serikali Rua alikuwa na miaka thelathini na minane na bado analima. Ningekuwa serikali, ningemtumia kadi ya pongezi.

Ila Malachy hakuiweka pasi ile kwa uvivu. Ukurasa wa kwanza, mahali pa mmiliki, paliandikwa Una Trainor, kwa mkono wa Una mwenyewe, herufi zimelala upande mmoja kama nyasi baada ya mvua. Una alikuwa mkewe. Alikuja naye Rua mkubwa kutoka kwao, na akafa siku tisa kabla ya farasi huyo. Mara nyingine asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, Malachy alifungua ukurasa ule akasoma. Mahali pamoja duniani Una alikuwa bado na farasi, ana anwani, na barua za ofisi zinamwita Mpendwa Bibi Trainor. Alikuwa akifurahi kabisa, mzee wa watu, kama mtu aliyepokea salamu.

Jumapili moja ya mwezi Machi, baada ya misa, chama cha wakulima kilikutana kwenye ukumbi wa parokia. Katibu wa tawi, Breege Coyle, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, alisoma habari kutoka makao makuu. Kwanza, ruzuku kwa atakayepanda maharagwe ya mifugo. Malachy alisikia neno maharagwe akaondoka. Mwili ulibaki kwenye benchi. Yeye alikuwa katikati ya shamba mwezi Juni, maua meupe yenye madoa meusi, harufu tamu nzito, na Una anapita katikati ya mistari, sketi imelowa umande hadi magotini, anamwambia jambo ambalo nyuki wanalifunika kwa kelele zao.

"La pili, dawa," Breege aliendelea. "Kila mwenye bomba la kupulizia ajiandikishe, na bomba likaguliwe. Na kando ya mto msipulize kabisa."

"Mke wangu anapulizia waridi zake maji ya sabuni," alisema Packie Hanratty, jirani yake Malachy. "Naye akakaguliwe?"

"Wewe ndiye wa kukaguliwa, Packie. Kaa chini. La tatu, farasi. Kila farasi awe na pasi yake mwenyewe na kichipu cha utambulisho chini ya ngozi ya shingo. Ijumaa daktari wa mifugo atakuwa uwanja wa mnada. Mwezi huu ukiisha, farasi mwenye karatasi isiyo yake anachukuliwa, na akichukuliwa harudi. Malachy, umesikia?"

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Maharagwe."

Ukumbi ukaangua kicheko. "Mwache, Breege," Packie akadakia. "Bibi kizee wake wa miaka thelathini na minane hafiki hiyo Ijumaa."

Lakini Breege hakucheka. Alimfuata Malachy nje, penye baiskeli yake, akamshika mkono wa koti.

"Sikiliza, ndugu yangu. Daktari atalinganisha mchoro wa kwenye pasi na farasi mwenyewe. Pale manyoya yanapojizungusha, kila farasi ana pake. Ukipeleka ile ya zamani watamchukua Rua. Mwandikishe upya kwa jina lako, na yule mkubwa useme alikufa."

"Na mmiliki wake?"

Breege alitazama chini. "Mmiliki pia, Malachy. Imetosha sasa."

Siku nne alizunguka na neno hilo. Aliumega mkate wake wa magadi akasahau kuula. Alilima mfuo mmoja ukapinda, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na Rua akasimama mwenyewe akageuza shingo kumtazama. Alikuwa na farasi mmoja aliye hai na mke mmoja aliye hai kwenye karatasi, na alitakiwa achague. Usiku wa Alhamisi alilala vizuri, jambo lililomuudhi.

Ijumaa alimwongoza Rua kwa miguu maili nne kwenye ukungu, pasi ya zamani mfukoni, bila kujua atasema nini. Uwanjani foleni ilikuwa ndefu: farasi wadogo wa watoto, punda, na nyuma yake Packie na kafarasi kanene ka wajukuu zake. Daktari, Orlaith Sweeney, mikono ya shati imekunjwa, alifungua pasi, akamtazama Rua usoni, akamfungua kinywa akahesabu meno.

"Mzee Malachy, mchoro una mzunguko mmoja wa manyoya kwenye paji la uso. Huyu anayo miwili. Na haya meno si ya miaka thelathini na minane."

"Huyo wa kwenye pasi ni mama yake."

"Yuko wapi?"

"Amekufa."

"Sababu ya kifo?" Kalamu ilikuwa tayari.

"Ilikuwa Jumanne," Malachy alisema. "Alisema amechoka kidogo, anajinyoosha kwenye kiti. Akaniambia nisikawie. Nilikuwa nimebakiza mfuo mmoja tu. Lakini udongo siku ile, daktari, ulikuwa laini, unapinduka wenyewe, nikasahau. Nikapiga mitatu mingine. Nikasimama hata kutazama kunguru. Niliporudi, chai ilikuwa imepoa mkononi mwake."

Daktari alikuwa ameacha kuandika kitambo. Miaka yote ile watu wa Drumgarra walijua Una alikufa kitini. Habari za mifuo mitatu hawakuwahi kuzisikia, maana hakuwahi kumwambia mtu, hata padri. Packie akavua kofia. Foleni nzima ilisimama pale kwenye manyunyu, na hakuna aliyemhimiza afanye haraka.

"Na farasi?" Orlaith akauliza taratibu.

"Farasi alikula kidogo kidogo siku tisa, halafu akaacha."

Penye sababu ya kifo daktari aliandika: uzee. Akafungua pasi mpya, akachora mizunguko miwili, akamchoma Rua kichipu shingoni, Rua hakutikisika. Kisha akaichukua ile ya zamani, na ilibidi aivute kidogo, kwa sababu vidole vya mzee havikuachia mara moja.

"Mmiliki niandike nani?"

"Malachy Trainor," alisema. "Mgane."

"Hawaulizi hilo hapa, mzee wangu."

"Najua. Wewe andika."

Daktari akaandika.