Ng'ombe wa Kuntai Hawahesabiwi

Bedan Ngugi hakuzaliwa mtu wa kutulia. Akifundisha, hutembea kutoka mlangoni hadi dirishani, funguo za chumba cha kompyuta zikilia mfukoni, hata wanafunzi wa shule ile ya kutwa nje kidogo ya Kitengela wakambandika jina Siafu. Na muhula huo siafu walikuwa wamempanda kweli. Kidato cha pili walikuwa wanachagua masomo, na kulikuwa na mtoto mmoja aliyemfanya aamini kwamba hapotezi maisha yake kwenye zile mashine kuukuu: Nasieku, binti wa Kuntai. Huyo ukimweleza jambo leo, kesho anakuuliza swali usiloliweza. Lakini fomu yake ya masomo ilikuwa bado haijatiwa sahihi na mzazi, na Bedan hakuwa analala vizuri.

Ndipo akaanza mada ya kuchakata data.

"Data ni vitu vibichi," akawaambia huku akizunguka, "kama mahindi na maharagwe kabla hayajawa githeri. Wewe unaingiza, mashine inapika, halafu inakupakulia. Ukitia mawe sufuriani, utapakuliwa mawe. Usiilaumu sufuria!"

Wakacheka. Laiti angeishia hapo! Lakini haraka yake ikamponza. Akawapa kazi ya nyumbani: kila mtu ahesabu ng'ombe, mbuzi na watoto wa kwao, alete namba Jumatatu.

Bedan, Bedan! Miaka yote hiyo anakaa Noonkopir, ananunua maziwa kwa kina mama wa Kimaasai, na hajawahi kumuuliza hata mmoja ana ng'ombe wangapi akaona atakavyoangaliwa. Jumatatu nusu ya darasa walileta namba, nusu wakaangalia viatu vyao. Na saa ya chai Kuntai akafika mwenyewe.

Alikuwa mtu wa makamo, shuka juu ya koti, simu mbili mfukoni, mfugaji anayeuza mbuzi sokoni na wanunuzi wanamjua hadanganyiki. Alipewa kiti, hakuketi.

"Ni wewe unatuma watoto wahesabu ng'ombe yangu?"

"Ni namba tu, Baba Nasieku. Ni ya mazoezi."

"Namba tu!" Kuntai akasonya. "Ng'ombe haihesabiwi, mwalimu. Watoto hawahesabiwi. Ukihesabu unaita mkosi kwa jina. Nasieku atachukua kilimo, hiyo kompyuta yako tumeacha."

"Na moja ikipotea, mzee, utajuaje?"

"Nikiangalia, najua. Na wewe? Uko na watoto wangapi?"

Swali la kawaida kabisa, na Bedan akafungua mdomo, sauti ikakataa. Yeye na mkewe Judy walikuwa wamezika kifungua mimba wao. Tangu hapo swali hilo humshinda: akisema wawili, amemkana aliyelala, akisema watatu, amedanganya. Akamkumbuka pia cucu yake kule Murang'a, aliyehesabu wajukuu mpaka tisa kisha akasema "tisa wamejaa", kwa sababu kumi haikutajwa. Kumbe hata kwao! Alikuwa ameenda chuo akarudi bila hilo.

"Niko na... niko na wasichana," akasema mwishowe.

Kuntai alimtazama, na ukali ukampungua kidogo usoni. "Si umeona," akasema.

"Nimeona. Nimekosa, mzee wangu." Bedan alikuwa amesimama sasa, hawezi kukaa. "Lakini nipe somo moja, hili linalofuata. Uje ukae nyuma uone. Nikihesabu mnyama wako hata mmoja, mchukue mtoto, na sitakufuata."

Wakaenda pamoja mpaka chumba cha kompyuta. Bedan akafuta ubaoni kile alichoandika asubuhi, akaanza upya: data si lazima iwe namba. Jina ni data. Rangi ni data. Tabia pia. Nasieku akaketi mbele ya mashine, baba yake nyuma ya bega lake, akaanza kuandika, kila ng'ombe na mstari wake: Narok, mweusi, anapiga teke. Naibor, mweupe, mpole. Nanyokie, mwekundu, anapenda shamba la watu.

"Huyo ni mwizi kabisa!" Kuntai akasema, na darasa zima likacheka, hata yeye.

"Sasa iambie ikusanye weupe," Bedan akamwambia Nasieku.

Akabonyeza. Weupe wote wakapanda juu wakasimama pamoja.

"Ee! Amewaswaga bila fimbo!" Kuntai akainama karibu na kioo. Bedan akavuta pumzi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alisimama mahali pamoja.

Halafu akaona.

Ukingoni, upande wa kushoto, mashine ilikuwa imejiwekea namba zake, mstari kwa mstari, mpaka ng'ombe wa mwisho. Hakuna aliyeiagiza. Ndivyo ilivyo, kila siku, na yeye macho yake yalikuwa yamezoea mpaka hayazioni. Alikuwa amemhesabia Kuntai boma lote, hadharani, mbele ya watoto wa watu! Akanyoosha mkono afunike kioo, akajua amechelewa, kwa maana Kuntai alikuwa ameacha kucheka.

Nasieku hakugeuka. Alipeleka kipanya juu, akafungua menyu, akaondoa alama moja ndogo. Ukingo ukawa mweupe. Ng'ombe wakabaki na majina yao.

"Hizo namba zimeenda wapi?" Kuntai akauliza.

"Ziko ndani, Papa. Mashine inajua. Lakini haisemi mbele ya watu."

Kuntai aliangalia kioo, kisha binti yake, kisha tena kioo.

"Kumbe imelelewa," akasema, akamnyooshea Bedan mkono. "Lete kalamu."