Kichanja cha Leonia

Siku Hamdani alipomwona Leonia kwa mara ya kwanza, mwanamke huyo alikuwa amelala kifudifudi mchangani, mikono kichwani, na watu wazima wenye akili zao walikuwa wanamcheka. Upepo tu ulikuwa umevuma ghafla kutoka ziwani.

"Mashetani ya kwao Kalinzi, kule milimani, yameshuka kunawa!" alisema Feliksi, mwenyekiti wa mwalo huo wa wavuvi, na kicheko kikazidi.

Hamdani, mshona nyavu, alikuwa mgeni hapo mwaloni, tena mwenye haya. Hakucheka, lakini hakusema kitu. Baadaye ndipo alipojua kwamba mwaka uliotangulia upepo kama huo ulipindua mtumbwi wa mume wa Leonia, yeye akitazama kutoka ufukweni. Waliokuwa wanacheka walikula msibani kwake. Walijua, wakacheka!

Leonia alianika dagaa. Kichanja chake kilikuwa cha mwisho karibu na maji, na ndicho kilicholisha watoto wake wawili. Kila Jumatano alipanda zahanati kuzungumza na nesi Asia. Nesi alimweleza kwamba woga ule si shetani wala si tabia aliyozaliwa nayo. Mwili umekariri siku moja mbaya, na unaweza kufundishwa upya kidogo kidogo, palepale panapoutisha. Asogee majini hatua moja kila wiki, na awe na mtu wa kumhesabia pumzi.

Leonia akamchagua Hamdani.

"Kwa nini mimi, dada?"

"Huna maneno. Wengine wataanza kuniombea kabla hatujafika kumi."

Wakaanza na ukingo wa maji. Kisha nyayo. Kisha vifundo vya miguu. Katika mwezi wa tano wa mazoezi hayo, upepo ulivuma Leonia akiwa majini hadi magotini. Midomo ilimtetemeka, akahesabu, hakuanguka.

"Umeona?"

"Nimeona," alisema Hamdani, na siku hiyo alirudi kwake Ujiji akitabasamu peke yake njiani.

Kisha dagaa wakaadimika. Feliksi akaitisha kikao pale pale mchangani. Eti ziwa limekasirika kwa sababu kichaa anasimama ndani yake akihesabu. Wote walijua kwamba shemeji yake Feliksi alikuwa anakitaka kichanja kile tangu zamani.

"Mtu wa namna ile habadiliki," alisema. "Anayetaka aondoke, anyooshe mkono."

Mikono mitatu ikapanda. Kila mtu akamtazama jirani yake, ikawa kumi, ikawa ishirini. Leonia hakulia. Alimgeukia mtu mmoja tu.

"Hamdani, waambie tumefika wapi."

Ni yeye peke yake aliyeona. Ni yeye aliyejua kwamba kumtoa pale ni kumnyima dawa pamoja na chakula. Macho ya mwalo mzima yakamwelekea, na mkono wake ukapanda. Usiniambie alizidiwa! Hakuna aliyemtisha, hakuna aliyemshika. Alikuwa na neno moja la kusema, akalimeza.

Leonia alikifungua kichanja mwenyewe, kamba baada ya kamba. Hamdani akasogea amsaidie fundo moja lililokaza. Leonia akamwondoa mkono taratibu, kama mtu anavyomwondoa mtoto jikoni.

"Acha," alisema. "Jumatano siendi tena kwa nesi Asia. Nafasi yangu ipo. Nenda wewe, na woga wako."