Kaimati za Mgiriki wa Mlango wa Pili

Mama yangu alikuja Toronto na mabegi mawili. Moja lilikuwa na nguo. La pili lilikuwa na iliki, pilipili manga, udi, kanga za kumfungia mjukuu, na mbuzi ya kukunia nazi, ya mti hasa, na meno yake ya chuma. Mpaka leo sijui aliwaeleza nini maofisa wa uwanja wa ndege, maana Mama Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Alitokea akisukuma kigari, mtandio umemkaa upande, akasema, "Nchi gani hii, baridi inauma mpaka meno?"

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, na Mama alikuja kunilea uzazi. Tulikubaliana akae miezi sita. Tulikuwa tunaishi Scarborough, ubavuni mwa Toronto, ghorofa ya tisa, katika fleti ya chumba na sebule. Mume wangu alikuwa akitoka asubuhi kwenda kiwandani na kurudi jioni, kwa hiyo kutwa tulibaki mimi, Mama, mtoto, na theluji dirishani. Mimi nina hasira za karibu, sifichi, na nimezirithi kwake. Wawili wa namna hiyo kwenye fleti moja, na madirisha hayafunguki kwa barafu! Lakini nilimhitaji. Mtoto alikuwa halali, maziwa yalikuwa hayatoki vizuri, na siku ya Mama kuondoka sikutaka hata kuifikiria.

Siku ya tatu aliniuliza, "Majirani wako wapi?"

"Wapo, Mama. Nyuma ya milango."

"Wanaumwa?"

"Hawaumwi. Huku watu hawapigiani hodi ovyo."

Akaniangalia kana kwamba nimemwambia huku watu hawaogi. Mama ni mtu wa sahani. Kwetu Tanga hapiki chakula bila kukipima na cha jirani, na sahani iliyoletwa kwake hairudi tupu. Kama hana kitu ataweka hata malimau mawili. Sasa yuko ghorofa ya tisa, anapika pilau ya watu watatu, hana wa kumpelekea.

Wiki ya pili mlango ukagongwa. Alikuwa bibi wa mlango wa pili, Mgiriki, mjane, mfupi mnene, nguo nyeusi toka shingoni mpaka miguuni. Alikuwa ameishi Toronto miaka mingi kuliko umri wangu, lakini Kiingereza chake kilikuwa bado cha vipande vipande. Alikuwa amewaona Mama na mtoto kwenye lifti. Mkononi alikuwa na sahani ya biskuti nyeupe pepepe kwa sukari ya unga, zimepangwa mlima.

"Kurabiedes," alisema. "Kwa mtoto. Sisi, mtoto akizaliwa, tunakula hizi."

Mama akachukua moja, akainusa, akaniambia nimuulize kama ndani kuna mvinyo au mafuta ya nguruwe. Nikauliza kwa adabu. Yule bibi akaapa hakuna, ni siagi tu, lozi na maji ya waridi. Mama akauma. Ile sukari ya unga ikampalia, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na mtandio mzima ukawa mweupe.

"Nankhatai hizi," alisema alipopata pumzi. "Nankhatai zilizopakwa poda." Akala nne.

Kesho yake sahani ikarudi na visheti. Basi ndiyo njia ikawa imefunguliwa. Ikaja na baklava, kitamu cha manda na jozi kinachotiririka asali, ikarudi na mkate wa mchele. Ikaja na spanakopita, yaani mchicha na jibini ndani ya manda nyembamba mno, imeokwa kwenye sinia na kukatwa mraba mraba, na Mama akasema hiyo ni sambusa ya mtu mvivu wa kukunja. Alisema hivyo huku anajilamba vidole. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, na nilimwambia yule bibi kwamba Mama anasifu mkono wake. Rangi ilimrudia Mama. Akaanza kuimba akiosha vyombo, na mimi nikaanza kupata usingizi.

Ramadhani ikaingia. Wiki hiyohiyo ya kwanza, Jumatatu, Mama alipika futari kana kwamba anatarajia mtaa mzima: tambi, mkate wa mayai, na sambusa za nyama ambazo harufu yake ilifika mpaka kwenye lifti. Mimi nilikuwa namwogesha mtoto. Yeye akajaza sahani akaenda mwenyewe mlango wa pili. Haikuchukua dakika mbili nikamsikia anarudi. Nilipotoka bafuni nilimkuta amesimama katikati ya sebule na sahani imejaa vilevile.

"Amenifanyia msalaba," alisema.

"Nani?"

"Huyo Mgiriki wako! Nimempa sahani, kaiangalia, kanusa, kajifanyia msalaba kifuani, kisha kanisukumia sahani yangu. Hivi! Kana kwamba nimempelekea shetani kwenye sinia."

Magharibi ilipofika alifungulia tende na maji, akasusa vingine vyote. Mume wangu akazila zile sambusa peke yake, na kila alipochukua moja nilimkata jicho. Asubuhi Mama alimwita kabla hajavaa viatu. "Baba, nitafutie kiti kwenye ndege. Idi nitaila kwangu."

Mume wangu anamwogopa mkwewe kuliko anavyomwogopa msimamizi wa kiwanda. Akasema, "Sawa, Mama," na kweli akaenda kwa wakala wa tiketi. Nilimbembeleza Mama. Nililia, nikanuna, nikamwekea mtoto mapajani amtazame usoni. Wapi! "Mwanangu," alisema, "mimi sikuzoea kufunga mahali ambapo chakula changu kinarudishwa mlangoni. Tangu nizaliwe halijanipata."

Siku mbili nilivumilia. Siku ya tatu hasira zikanipanda, nikatoka na kanga yangu, nikaenda kugonga mlango wa pili kwa ngumi. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Nitamwambia kama hataki chakula cha Waislamu angesema mapema, asimdhalilishe mama wa watu. Yule bibi akafungua, akaniona, akanivuta ndani kwa mkono kabla sijafungua kinywa. Macho yalikuwa mekundu.

"Mama yako, amekasirika?"

"Amekasirika sana. Anaondoka."

Akakaa kitini puu. Jikoni kwake palikuwa na sufuria ya maharage yaliyochemshwa na karoti na nyanya, hayana hata mfupa. Akanieleza, kwa vipande vyake vya Kiingereza na mikono yake yote miwili, kwamba Jumatatu ile ndiyo kwanza mfungo wao ulikuwa umeanza. Mpaka Pasaka hali nyama, hali mayai, hanywi maziwa, hagusi siagi. Alipofungua mlango ile harufu ikampiga puani, siku ya kwanza, na ana njaa.

"Nilifanya msalaba kwa ajili yangu mimi," alisema. "Nilitaka kuzila sambusa zote. Zote! Nilifunga mlango, nikalia."

Jamani. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye akanitazama kwanza kwa uchungu, kisha naye kicheko kikamshika, tumbo likawa linamcheza ndani ya nguo yake nyeusi.

Nikarudi mbio kwa Mama. Alikuwa anapanga nguo zake kwenye begi, na mimi nikamwambia yote pale pale mlangoni.

"Mfungo gani huo?" alisema. "Si nimemwona mchana anakunywa kahawa?"

"Wao wanakunywa, Mama. Lakini nyama hali."

"Mayai je?"

"Hali."

"Maziwa?"

"Hata tone."

Akauliza taratibu, "Na samli?"

"Samli ndiyo kabisa."

"Kwa siku ngapi?"

"Zaidi ya arobaini."

Akaketi kitandani na gauni mkononi. "Arobaini bila samli," alisema. "Lo! Maskini mwanamke wa watu." Lakini hakuzitoa nguo kwenye begi, na hakumwambia mume wangu asitishe lile la tiketi. Mama akishatamka neno, kulirudisha ni kazi.

Jioni ile, kabla kidogo ya magharibi, mlango ukagongwa tena. Yule bibi hakuingia. Alinipa bakuli lililofunikwa kitambaa, la moto, akasema, "Lukumades. Unga, maji, hamira. Hakuna maziwa, hakuna mayai. Mimi nakula, mama anakula." Akageuka akaenda zake.

Mama akafunua kitambaa. Ndani kulikuwa na vidonge vya duara vya kahawia, vinang'aa asali, vimenyunyiziwa mdalasini na jozi.

"Astaghafirullahi," alisema Mama. "Kaimati!"

Na zilikuwa kaimati kweli, ngumu kidogo nje, laini ndani. Alipofungulia tende alichukua moja, akafumba macho, akatafuna polepole. Mimi na mume wangu tulikuwa tunamtazama mdomo kama watu wanaosubiri hukumu. Akachukua ya pili. Akachukua ya tatu.

"Asali imezidi," alisema. "Na iliki hakuweka. Huyu anahitaji kuonyeshwa."

Kesho yake alasiri akachukua mbuzi yake, nazi moja niliyomnunulia kwa Wahindi kule madukani, na mfuko wa iliki, akaniamuru nimfuate na mtoto. Yule bibi aliposikia tunataka kutia maziwa ya nazi kwenye unga, akaweka mkono juu ya bakuli: maziwa hapana! Mama hakungoja ukalimani. Aliipasua nazi kwenye sinki la watu, akaketi juu ya mbuzi katikati ya jiko, akakuna, akakamua tui mbele yake kwa mikono. Yule bibi akainama kutazama, akachovya kidole, akaonja. Akaonja tena. Kisha akaomba naye aketi juu ya mbuzi. Alivyo mnene na mbuzi ilivyo fupi, ilibidi tumnyanyue mimi na Mama, kila mmoja na kwapa lake.

Walikaanga mafungu mawili. Mama anaminya donge ngumini, linatokea kati ya kidole gumba na cha shahada, analiangusha ndani ya mafuta. Yule bibi anaminya vilevile kabisa, ila yeye analikata kwa kijiko kilicholoweshwa maji. Mama akasema kijiko ni cha watu wanaoogopa kuungua. Yule bibi akasema za Mama ni ndogo, za kulisha ndege. Mimi katikati nilikuwa natafsiri, "Anasema ni nzuri sana," huku na huku, mpaka wote wawili wakanitazama kwa shaka.

Tangu hapo nikawa sina Mama. Akimaliza kuswali adhuhuri, huyo. Alijifunza kufunga wali ndani ya majani ya mzabibu, akaleta dolma zake nyumbani zimekazwa kama bizari kwenye karatasi. Alijifunza halua yao ya semolina, inayopikwa kwa mafuta tu na sukari na lozi, akaniambia si halua hasa, lakini mwanamke kajitahidi. Neno "Mgiriki wako" likafa. Akaanza kusema "shoga yangu". Nami nilifurahi, huku roho juu, maana mume wangu alikuwa kila siku anapigiwa simu na yule wakala, na suala la kuondoka hakuna aliyelifungua.

Jumatatu nyingine nilimwachia Mama mtoto, nikashuka chini ya jengo kufua nepi. Niliporudi simu ilikuwa inalia. Ni mume wangu, toka kiwandani. Kiti kimepatikana, kesho Jumanne jioni, na wakala anataka jibu leo. Nikaenda mlango wa pili na kapu la nepi kiunoni, sikugonga.

Walikuwa wameketi uso kwa uso kwenye meza ya jikoni, mtoto amelala katikati yao ndani ya kikapu cha mikate. Mama alikuwa anazungumza Kiswahili. Yule bibi alikuwa anamjibu kwa Kigiriki. Mbele yao palikuwa na beseni la maji, na ndani yake vipande vikubwa vya samaki mkavu wa chumvi.

"Mama," nilianza.

"Ngoja," alisema bila kugeuka. "Tunazungumza."

Nikangoja! Walipomaliza, nikamwambia. Kiti kipo, ni kesho, tujibu sasa.

"Kesho?" alisema. "Kesho siwezi. Huyu ng'onda wao anakaa majini siku mbili ndipo chumvi imtoke. Jumatano ni sikukuu yao, katikati ya mfungo wanaruhusiwa samaki. Anakaangwa, analiwa na vitunguu saumu vilivyotwangwa na viazi. Nimeshamwahidi kutwanga."

Nilihisi furaha na wivu vinanijia kwa pamoja, na hasira zangu nazo hazikutaka kubaki nyuma. "Mama! Mimi niliyetoka tumboni mwako nimekulilia, ukakataa. Leo unabaki kwa sababu ya samaki?"

Mama akajifuta mikono. Akamtazama mwenzake, ambaye alikuwa anatabasamu bila kujua tunasema nini, halafu akateremsha sauti hata hivyo.

"Wewe una mume, una mtoto, una simu inayolia kutwa. Huyu wanawe wawili, mmoja yuko Markham, mwingine Richmond Hill, hapa hapa jirani, wana magari, na tangu nije sijamwona hata mmoja akishuka kwenye lifti ile. Amenionyesha picha zao. Kanieleza kwa vidole, kila mwaka ananunua samaki wa watu sita, anamtupa. Nikiondoka mimi, atakula na nani?"

Nikarudi kwetu, nikampigia mume wangu, nikamwambia kiti hicho wampe mtu mwingine.