Mwamba Uliokwanguliwa kwa Wembe

Kwenye karatasi ulikuwa msalaba mdogo uliozungukwa na vitone, si mkubwa kuliko punje ya mchele, katikati ya ziwa la tatu kati ya matatu yanayounganishwa na mito, mahali ambapo meli za mizigo hukata kona kuelekea gatini. Dada yangu aliuchora asubuhi. Alasiri ya siku hiyohiyo mkuu wa idara akauondoa kwa wembe, kwa sababu wino wa ramani haufutiki kwa raba, sharti ukwanguliwe. Aliukwangua palepale juu ya meza ya dada, huku wachoraji wengine wakijifanya wanachonga penseli.

"Nani amekuambia kuna mwamba hapa?"

"Wavuvi wawili, Mkuu. Walikuja siku tofauti, na wote walionyesha mahali pamoja."

"Wavuvi wana shahada ya upimaji?"

Dada akapangusa vumbi la wino mezani. Mimi ningejibu, na ndiyo maana sijapata kudumu katika ofisi yoyote zaidi ya miaka minne. Yeye alidumu miaka thelathini na mmoja, akichora vina vya maziwa ambamo hakuwahi kutia mguu. Waliopelekwa majini na vyombo vya kupimia walikuwa wanaume. Wachoraji, ambao karibu wote walikuwa wanawake, walisubiri tarakimu ziwafikie katika madaftari yaliyolowa. Naliandika jambo hili kwa uchungu, na sioni sababu ya kulilainisha. Hata hivyo siwezi kuilaani ofisi ile yote. Wazazi wetu walipofariki, dada ndiye aliyenilea, na kila Ijumaa aliniletea mkobani ramani zilizoharibika ili nifanyie hesabu upande wa nyuma. Nimefika chuo kikuu nikiandika kwenye migongo ya maziwa yale.

Alipostaafu, shemeji yangu, ambaye ni seremala na ambaye watu wote, pamoja na mkewe, humwita Fundi, alimuuliza anataka zawadi gani. Alitarajia kuagizwa kabati.

"Nataka kwenda kuuona mwamba wangu," dada alisema.

"Na kama haupo?"

"Basi Mkuu alikuwa sahihi, nami nimemnunia bure miaka kumi na tisa."

Fundi akaikokota karakanani boti kuukuu iliyotupwa nyuma ya ghala, akaibadilisha mbao, akaijengea chumba chenye kitanda, jiko na meza ya ramani. Wanawe walipokuja kumuuliza amejifunza wapi kuunda boti, alisema boti ni kabati lililolala chali, tofauti ni kwamba kabati likivuja zinalowa nguo tu. Wanawe hawakucheka. Waliitisha kikao, wakasema wazazi wamechanganyikiwa, wakaniomba mimi, mwenye elimu, niwazuie. Niliwauliza ni lini mara ya mwisho mama yao aliomba kitu chochote. Kikao kiliishia hapo.

Safari ilichukua siku arobaini na mbili, kupitia maziwa matatu na mito miwili inayoyaunganisha. Nasimulia kama walivyonisimulia wote wawili. Pale walipotofautiana, nimemwamini dada.

Fundi alishika usukani. Dada alitupa bildi, yaani kamba ndefu ya katani yenye risasi mwishoni na fundo kila baada ya mita moja, ambayo Fundi alimtengenezea ili apime kina mwenyewe. Kufikia siku ya tatu alikuwa ameacha kula. Palipoandikwa kumi kwenye ramani, kamba ilisema kama kumi nukta nane. Palipoandikwa ishirini, ilisema ishirini na moja na nusu.

"Fundi, nimechora uongo maisha yangu yote."

"Labda ziwa limejaa, mke wangu."

"Ziwa likijaa huongezeka sawasawa kila mahali. Hili linaongezeka kadiri kina kinavyozidi." Hapo akaitazama kamba mkononi mwake. "Mafundo haya uliyapima wapi?"

"Karakanani."

"Kamba ikiwa kavu?"

Seremala huyo, ambaye amewahi kugoma kutengeneza mlango kwa sababu mteja alileta vipimo vya msimu wa mvua, akazima injini. Wakainyoosha kamba mbichi juu ya sitaha, wakaipima kwa futikamba. Kila mita ilikuwa imepungua sentimita saba na nusu.

"Mbao ikilowa hutanuka," alisema. "Nani angejua kamba hufanya kinyume?"

"Mabaharia wote, Fundi."

Akafungua mafundo yote, akayafunga upya kamba ikiwa imelowa. Kutoka hapo dada alitupa bildi na kutamka kina, naye Fundi akasoma kilichochapishwa. Kumi na nne. Kumi na nne. Tisa, tisa. Siku nzima hivyo, na siku iliyofuata. Dada aliniambia kwamba kwa muda wote wa ajira yake hakuwa amewafikiria wale wanaume wa madaftari ila kwa wivu, na sasa aliona kwamba walipima kwa uaminifu, juani, tarakimu baada ya tarakimu. Aliwashukuru kwa sauti, mmoja mmoja, akiwa ameketi ukingoni mwa boti. Fundi akamkumbusha kwamba aliyefunga mafundo hajashukuriwa. Akajibiwa asubiri zamu yake.

Katika ziwa la pili upepo uliwaweka siku nne nyuma ya matete. Katika la tatu hapakuwa na upepo wala mwamba. Walifika mahali alipouchora msalaba wake, bildi ikashuka mita kumi na nane. Wakazunguka siku mbili. Kumi na nane, kumi na saba, kumi na nane.

"Twende ufukoni tukaulize," Fundi alisema.

"Niulize nini? Kwamba nilichora umbea?"

"Uliza mwamba uko wapi. Mwanamke akipotea njia huuliza. Mimi mwanaume ndiye ninayepaswa kuona aibu, na sioni."

Ufukoni walimkuta mama mmoja akishona nyavu. Alikuwa binti wa mmoja wa wale wavuvi wawili. Baba yake alikwishafariki. Alisikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Sasa mbona mnautafuta kule? Uko huku."

Akatangulia kwa mtumbwi wake. Mita mia nne kutoka kwenye msalaba wa dada, upondo wa yule mama uligonga kitu kigumu chini ya maji. Bildi ilisema mita moja na nusu. Meli za mizigo huhitaji tatu.

"Upo, mke wangu," Fundi alisema.

"Tupime tena."

Walipima mara nne. Yule mama akawauliza kama walidhani umehama.

Fomu ya taarifa ya hatari majini ina nafasi ya jina la mgunduzi. Mimi ningejaza jina langu kwa herufi kubwa. Dada aliandika majina ya wavuvi wawili, na chini yake vipimo vyake. Mwaka huohuo idara ilitoa ramani mpya yenye msalaba na vitone, bila hata sentensi moja ya kumwomba radhi. Nilimwandikia mkuu mstaafu barua ya kurasa tatu. Dada akaisoma yote, akaikunja.

"Usiipeleke."

"Alikudhalilisha mbele ya watu, na ulikuwa sahihi."

"Alikosea, na mimi nilikosea mita mia nne. Kidole cha mvuvi kilifunika kona nzima, nami nikachora chini ya ukucha. Meli ingeukwepa msalaba wangu, ikaupanda mwamba wenyewe." Akaitandaza ramani mpya mezani, akaweka kidole pembeni ya alama, asiifunike. "Mimi nashukuru niliupata kabla ya meli kuupata."

Fundi akauliza kama sasa ndiyo zamu yake.

"Ndiyo," dada akasema. "Kaa hapa."

Akamkatia mume wake tikitimaji, kipande cha katikati, kitamu kuliko vyote.