Alama ya Mzigo Mgongoni mwa Mjomba

Mama yangu haamini watu, anaamini picha. Ofisi yetu ya kusafirisha mizigo iko Sanyuanli, hapa Guangzhou, ghorofa ya pili, na hakuna katoni inayoshuka ngazi zile kabla haijapigwa picha mbele na nyuma, alama ionekane, namba ya simu isomeke. Kwa hiyo mdogo wake alipokuja kutuaga kwamba anakwenda kuvuka jangwa kwa pikipiki, peke yake, katikati ya baridi, Mama hakupiga kelele kama nilivyotarajia. Alichukua makapeni, ile kalamu nene ya kuandikia katoni.

"Geuka," alimwambia.

"Dada, mimi si katoni."

"Nimesema geuka."

Mjomba akageuka. Alikuwa amevaa jaketi nene la rangi ya chungwa, alilonunua soko la nguo la Zhanxi baada ya kubishana na muuzaji mpaka wote wawili wakakauka koo. Mama akamchorea mgongoni pembetatu yetu yenye herufi mbili, ile tunayoweka kwenye mizigo yote, na chini yake akaandika namba ya simu. Namba yangu.

Nilitaka kumwambia afute. Kichina cha Mama kinaishia kwenye bei na kilo, na mimi nimesoma shule za huku tangu mdogo, kwa hiyo nilielewa kwa nini. Lakini mimi sipokei simu. Ikilia namba nisiyoijua naitazama mpaka inyamaze, halafu natuma ujumbe. Darasani nikiulizwa kitu najibu kwa sauti ambayo hata mimi siisikii. Kabla sijapata neno, Mama alikuwa ameshafunika makapeni. Ndivyo nilivyo, mambo makubwa yananipita huku natafuta namna ya kuanza sentensi.

Mjomba alikuwa dereva wa bodaboda Morogoro kabla hajaja Guangzhou kununua spea. Baada ya mwaka mpya wa Wachina alikuwa anarudi nyumbani moja kwa moja. "Nimekaa nchi hii miaka yote naona maghala," alituambia. "Nataka nione kitu kimoja kisichouzwa." Akapanda treni hadi kaskazini, akanunua pikipiki iliyotumika, akaingia jangwa la Gobi.

Masharti ya Mama yalikuwa mepesi. Kila akisimama, apige picha na jiwe la barabara lenye namba ya kilomita, aitume kwangu. Siku za mwanzo tulicheka sana. Mjomba na ngamia aliyemgeuzia uso. Mjomba ana barafu kwenye masharubu. Chini yake anaandika, "Mzigo uko njiani, haujalowa." Nyuma yake hakukuwa na kitu, barabara tu, na mchanga wenye weupe wa theluji juu yake kama chapati iliyomwagiwa unga.

Siku yenyewe, picha ya asubuhi haikuja.

Kule jua huchelewa kutoka, kwa sababu nchi nzima inafuata majira ya saa yaleyale, kwa hiyo saa mbili haikunitisha. Saa tatu nikaanza kuitazama simu. Saa nne Mama alikuwa anampimia mzigo mteja wetu mmoja, mama wa Kizanzibari, na akakosea kusoma mizani mara mbili, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Mna nini leo?" mteja akauliza.

Mama akamwambia.

"Hee! Jangwani wanakwenda ngamia. Boda kafuata nini huko, abiria?"

Hakuna aliyecheka. Ndipo simu ikalia, na ilikuwa ni yeye.

"Imezima," Mjomba alisema. Upepo ulikuwa unakula maneno yake. "Imetoa moshi, sijui mvuke, ikazima. Nipo barabarani. Hakuna mtu. Mwambie Mama asi..."

Ikakatika. Nikampigia, haipatikani. Alishatuambia kwamba baridi ile inaimaliza chaji ghafla, ndiyo maana alikuwa analala na simu kwapani.

"Piga polisi," Mama akasema.

Nikachukua kipande cha katoni nikaanza kuandika nitakachosema. Siwezi kupiga simu bila kuandika kwanza. Niliandika namba ya jiwe kutoka picha ya jana jioni, nikaandika "mjomba wangu", nikafuta, nikaandika "raia wa kigeni".

"Unaandika insha?" Mama sauti ilimpanda. "Piga!"

Nikaishika simu kupiga, ikalia mkononi mwangu. Namba nisiyoijua. Kidole chenyewe kilikuwa kinakwenda kwenye kukata, kwa mazoea. Nikapokea.

Mwanaume alikuwa anapiga kelele kwa Kichina kizito cha huko. Sikuambulia kitu.

"Sijaelewa," nikasema. "Rudia, tafadhali." Darasani sijawahi kulitamka neno hilo, hata mara moja.

Akarudia. Alikuwa dereva wa lori. Amekuta mtu mweusi kando ya barabara, amesimama karibu na pikipiki. Kamuuliza shida nini, yule mtu akamgeuzia mgongo na kumwonyesha namba kwa kidole gumba. "Wewe ndiye laoban wake?" Alidhani mimi ni bosi, mwenye mzigo.

"Ni mjomba wangu."

"Rejeta imeganda hii. Muulize katia nini humo."

Akampa simu.

"Mjomba, umetia nini kwenye rejeta?"

"Maji. Jana bomba lilivuja, nikafunga, nikajaza maji ya chupa."

"Maji matupu?"

"Sasa rejeta inakunywa nini? Gari la babu lilikunywa maji ya mtoni mpaka likafa kwa uzee."

Alitaka kuchekesha, lakini maneno yalikuwa yanatoka polepole, kama ana kitu mdomoni. Nilipomtafsiria dereva alitukana kidogo, akasema baridi ile inataka maji ya dawa yasiyoganda, halafu akasema apande waondoke. Lori limejaa makaa ya mawe, pikipiki haina pa kukaa. Nikamwambia Mjomba.

"Siiachi. Mwambie aniletee fundi."

"Mjomba, kuna baridi."

"Hata siisikii tena. Nipo sawa kabisa."

Dereva alipoichukua simu nikamfikishia hilo. "Akishasema haisikii, huo ndio ubaya wenyewe," akasema. "Mimi siwezi kumbeba mtu kwa nguvu, na siwezi kusimama hapa, injini yangu nayo itaganda. Mwambie mara ya mwisho." Akamrudishia Mjomba simu.

Mama alikuwa amenyoosha mkono aichukue simu. Angemlilia, najua, na Mjomba angembembeleza aache kulia, na muda ungeisha. Nikampa Mama mgongo.

"Mjomba," nikasema. "Mjomba!" Sauti iliyotoka sikuifahamu. "Hicho ni chuma! Panda lori! Mama hakuandika namba kwenye pikipiki, ameiandika kwako! Wewe ndiye mzigo, unasikia? Wewe! Panda sasa hivi!"

Yule mteja alishika kifua. Mama mkono wake ulibaki hewani. Mimi nilikuwa nimemfokea mtu mzima, ndugu wa mama yangu wa kufa na kuzikana, na sikuweza kurudisha hata neno moja. Kwenye simu kulikuwa na upepo. Upepo tu. Nikafikiri ameitupa simu ya watu.

Halafu mlango wa lori ukafungwa, mzito, na upepo ukaisha.

"Amepanda," dereva akasema. "Analia. Nimempa chai."

Nilikaa chini mahali nilipokuwa, ambapo palikuwa ni juu ya mizani, na zile namba nyekundu zikawaka zikasema uzito wangu kwa kila mtu.

Alirudi kwa treni. Tulimsubiri nje ya stesheni, kwenye msongamano wa mikokoteni ya nguo, na nilikuwa naogopa kukutana naye kuliko nilivyoogopa siku ile. Alitoka vidole viwili vimefungwa bendeji, midomo imepasuka. Akamkumbatia Mama. Kisha akanigeukia mimi.

"Laoban," akasema.

Sikujua ni utani au lawama. Pikipiki ilibaki kule. Dereva alipopita tena siku iliyofuata alinitumia picha yake, imeegemea jiwe la kilomita, kiti kimejaa mchanga. Baadaye akatuma nyingine, jiwe peke yake, pikipiki haipo.

Mama akatoa simu ampige picha ya kufika. Mjomba alisimama wima, kisha akageuka mwenyewe bila kuambiwa. Mgongo wote ulikuwa mweusi kwa vumbi la makaa, na tarakimu za mwisho za namba yangu zilikuwa zimekaribia kufutika.

"Subiri," Mama akasema, akapekua mkoba wake, akatoa makapeni. Safari ya Morogoro ilikuwa bado mbele ya Mjomba. Nikalivuta jaketi kwa mikono miwili, nikalishika lisijikunje, na Mama akaziandika upya zile tarakimu.