Mstari wa Pili Uliozama Thelujini

Mzee Phuntsog aliingia ofisi ya chama cha madereva, hapa Leh, mji wa milimani kaskazini mwa India, miwani nyeusi usoni na simu mkononi. Ilikuwa saa tano na nusu asubuhi.

"Naona leo njia ya mlimani ya Tashor La mmeiacha wazi siku nzima," alisema akitafuta birika. "Pamoja na mawingu yale?"

Chuskit, anayetunza tovuti ya chama, hakuinua macho. "Nani kasema siku nzima, babu? Mwisho saa sita. Soma mstari wa pili."

"Mstari gani?"

Mzee alimpa simu. Juu ya picha, penye anga la buluu, herufi nyeupe zilisomeka vizuri: Njia ya Tashor La iko wazi. Chini yake palikuwa na theluji tu. Chuskit aliisogeza simu mpaka karibu na pua, ndipo akayaona maneno yake mwenyewe, meupe juu ya weupe: hadi saa sita mchana, kisha inafungwa kwa dhoruba.

Tovuti hiyo aliitengeneza mwezi wa Juni, wakati njia ile ni mawe ya kahawia na herufi nyeupe zinang'aa juu yake. Lakini jana theluji ya kwanza ilianguka, na Katibu Tundup, ambaye kila mwaka siku hiyo hubadilisha picha ya ukutani ofisini, safari hii alibadilisha na ya tovuti. Aliweka picha aliyoipiga mwenyewe, bendera za dua, vitambaa vya rangi vilivyoandikwa sala, zikipepea juu ya mlima mweupe. Chuskit aliikagua kwenye kompyuta, ambako kioo ni kipana na mistari yote miwili ilikaa angani. Kwenye simu, kioo ni chembamba. Mstari wa pili ulishuka ukazama.

"Nani wameshaondoka?" aliuliza.

"Magari sita. Jigmet wako yuko mbele, si unamjua. Abiria saba."

Jigmet ni mdogo wake, ndugu pekee aliyebaki naye tangu baba yao afariki. Chuskit alimpigia. Hakupatikana; ukivuka daraja, simu hazina mtandao. Kilichobaki ni hema la chai la Mama Yangzom, chini ya mwinuko wa mwisho, ambako chama kilitundika kishikwambi kwenye nguzo, chenye mtandao wa setilaiti. Kifaa kile hakipokei simu. Hufungua ukurasa mmoja tu, huo wa tovuti ya chama, na kila baada ya dakika kumi hujifungua upya. Madereva hunywa chai, huusoma, kisha hupanda. Mama Yangzom hajui kusoma. Magari yangefika kwake kama saa sita na nusu, na huko juu hakuna mahali pa kugeuza gari. Mwaka juzi madereva wawili walinaswa na dhoruba; waliokolewa siku ya tatu, na mmoja wao sasa anashika usukani kwa vidole sita, vinne vilikatwa kwa baridi.

"Naiondoa picha," alisema Chuskit.

Katibu Tundup, aliyekuwa akisikiliza pembeni, aliinuka kitini. "Binti, utashusha bendera za dua watu wakiwa njiani?"

"Ni picha, Katibu."

"Ni bendera. Ungekuwa mlimani ungezishusha?"

Mzee Phuntsog aliacha kumimina chai. Chuskit aliupeleka mkono kwenye kitufe cha kufuta, kisha akaurudisha. Hakuna mtu wa Leh anayeshusha bendera ndugu yake akiwa safarini.

"Basi niitie giza picha yote, maneno yaonekane."

"Giza juu ya dua? Hilo nalo umelitoa chuoni Jammu?"

Alibadilisha herufi zikawa nyeusi. Mstari wa pili ukatokea, wa kwanza ukafifia kwenye anga. Akajaribu njano, ikapotea kwenye bendera ya njano. Nyekundu ikapotea kwenye nyekundu. Kila rangi aliyoigusa ilikuwa na mahali pake pa kufia. Saa sita kasoro dakika saba.

"Babu, niazime miwani."

Alitoka nje na simu, akasimama juani na miwani ya mzee, akaunyoosha mkono kama dereva anavyosoma. Kijani nacho hakikuonekana.

Lori lilipita barabarani, jina la mwenyewe limeandikwa mgongoni kwa rangi tano. Baba yake Chuskit aliishi kwa kazi hiyo, kuandika malori. Kabla ya herufi alipaka kwanza ubao wa rangi moja, mzito, na mteja akilalamika kwamba ua lake lililochorwa limefunikwa, alimjibu: "Ua lina nafasi nyingine. Jina lako halina."

Chuskit alirudi mezani. Bendera aliziacha zilivyo. Chini yake, juu ya theluji tupu, aliweka utepe mweusi usiopitisha kitu, akaihamishia humo mistari yote miwili, herufi nyeupe, nene. Kisha akauagiza utepe uje wa kwanza ukurasa unapofunguka, usiingojee picha.

"Theluji yangu umeizika," alisema Katibu.

"Theluji haina dua, Katibu."

Mzee Phuntsog alicheka peke yake. Chuskit akatoka tena na miwani. Ilisomeka. Saa sita na robo.

Baada ya hapo hakukuwa na la kufanya. Saa saba upepo ukaanza kugonga mabati. Saa nane mlima wote ukafunikwa. Katibu alizungusha gurudumu lake dogo la sala, na Chuskit akaufungua ukurasa mara ishirini kana kwamba ungemjibu.

Saa tisa na dakika kumi honi ililia, na Jigmet akaingia akipiga theluji mabegani.

"Dada, chai. Wote sita tumerudi, abiria wananitukana tangu hemani."

Chuskit aliinuka kitini. "Mliusoma?"

"Tungeacha kuusoma vipi? Mtandao ulikuwa hoi. Kulikuwa na ubao mweusi na maneno yako tu, basi."

Katibu aliacha kuzungusha gurudumu. "Na bendera?"

"Bendera gani, Katibu?"

Chuskit alimmiminia mdogo wake chai.

"Miwani yangu," alisema Mzee Phuntsog.

"Niachie hii ya kupimia maneno, babu," alisema Chuskit. "Nitakununulia nyingine."